Solo yangu ya leo na miwani ya Maman Neema

Bandugu, kama mulikuwa mu salle ya muziki leo, tafazali, musitume ile video.

Kundi yetu ya jazz ya Kadutu, ile tulianzaka tukiwa na miaka kumi na sita, leo imepiga tena pamoja. Wazee batano, vitambi vitano.

Mimi njo wa saxophone. Wimbo ya mwisho, solo ni yangu. Nikafunga macho.

Kidogo tu, nasikia guitare imenyamaza. Batterie, zile ngoma, pia.

Roho ikanijaa! Mu jazz, wenzako wakinyamaza ni heshima, wanakuachia uwanja.

Basi nikaongeza. Nikaongeza tena. Batu wanapiga kelele!

Nikafungua jicho moja. Maman mumoja anakuja akicheza, ameinua mukono, ameshika kitu. Sikumuona vizuri, lakini kwetu mutu akikujia vile, anakuja kukubandika feza ku paji ya uso.

Nikainama. Nikamutolea paji yote, na jasho yake.

Akanivalisha miwani yangu, ile nilimuachia ashike.

Kumbe ni bibi yangu, Maman Neema.

"Papa Neema, angalia nyuma."

Nikaangalia. Wa guitare amekaa, anakunywa sucré, soda yake. Wa batterie ameisha kufungua ngoma, anazipanga mu mifuko. Wimbo ilikuwa imeisha zamani.

Nikaacha kupuliza. Salle yote ikasimama, ikanipigia makofi!

Sasa muniambie bila huruma: ile makofi ilikuwa ya solo, ao ya kuacha?

Maman Neema, wewe usijibu.