Kyungu Asiyependa Watu

Mwaka wa 1974, mjini Kolwezi, hakuna aliyewachukia watu kama Kyungu, fundi viatu. Na hakubagua: kabila, dini, cheo, wote aliwaweka kapu moja. "Mbuzi akishiba analala," alizoea kusema, misumari mdomoni. "Muntu akishiba anatafuta mwenye njaa, amucheke."

Mwishowe akachoka hata kuona miguu yao. Akahamia mbali, upande wa Mutoshi, akajenga nyumba ya peke yake na kuizungushia ua wa miiba.

Mwezi haujaisha, Asani dereva wa kamyo na jirani yake Mama Bilonda wakasimama mlangoni wakifokeana. Mbuzi wa Bilonda alikuwa amekula sombe yote, mboga ya majani ya muhogo, shambani kwa Asani.

"Tata Kyungu, utukatie hii maneno," akasema Bilonda.

"Mi? Shefu wa kartier, mukubwa wa mutaa wenu, amekufa?"

"Shefu ni shemeji ya Asani."

"Na padri ni ndugu ya huyu mama," akasema Asani. "Weye haupendi muntu. Hautapendelea."

Kyungu akapandwa na hasira. "Basi musikie! Weye Asani, shamba hauna hata ua, unalia nini? Na weye mama, mbuzi yako anakupita akili: yeye alikula juu ya njaa, weye unabishana juu ya kiburi. Mwenye haki hapa ni mbuzi. Mutoke!"

Wakatoka. Mbele kidogo Bilonda akasema, "Eti mi nina kiburi!"

"Ule muzee ana kinywa kibaya," akajibu Asani. "Panda kamyo, mama, nikufikishe."

Walipofika mjini walikuwa wamepatana kabisa, kwa kumsengenya Kyungu. Habari ikaenea. Ndugu waliogombana, wake wenza, hata wanakwaya wawili wa kanisa moja, wote wakamwendea. Akawatukana kwa haki sawa, wakarudi wameshikana mikono.

Kisha masika yakaingia. Siku tisa hakuja mtu. Siku ya kumi Kyungu akatoka hadi barabarani, akamkuta Asani akihangaika na gurudumu lililozama matopeni.

"Bantu ba kule," akauliza akitazama pembeni, "bamegeuka bazuri?"

"Hapana, tata! Banagombana sana. Mvua ndiyo imekata njia."

Kyungu akaguna. Akarudi ndani, akatoka na jembe, akaanza kufukia mashimo.

"Ni juu ya kamyo," akasema. "Kamyo haina kosa."