Sikuzani na Maji ya Majivu

Sikuzani aliosha vichwa. Ukitaka kumjua, usianzie kwingine. Alilima kama kila mtu na alifiwa na mume mapema kuliko wengi, lakini kilichowatoa wanawake Lumuma, na hata Mikumi, kuja kukaa juu ya kigoda chake pale bondeni karibu na Kidete, ni maji yake ya majivu. Sabuni ya dukani ilikausha nywele zikawa kama katani. Maji ya Sikuzani yaliziacha laini, na kitana kilipita bila mtu kukunja uso.

Hapakuwa na uchawi. Alichoma mabua ya mtama, akapepeta majivu, akayajaza kwenye chungu kikuukuu alichokitoboa vitundu chini. Juu akamimina maji, akayaacha yachuruzike tone kwa tone mpaka kibuyu kijae. Pembeni aliloweka mlenda na kuufikicha mpaka ukavutika, huo wa kulainisha. Limau la kusuuzia, mafuta ya nyonyo ya kumalizia. Kata mbili za maji ya majivu, kata nne za maji ya mto. Lakini kata ni kata tu. Kipimo chenyewe kilikuwa ulimi wake. Hakuna kichwa alichokimwagia maji kabla ya kuchovya kidole na kuonja. Yakimchoma ulimi, aliyazimua. Yakimtekenya tu, alisema, "Haya, inama."

Kwa msichana anayekaribia kuolewa palikuwa na sharti moja zaidi. Aliyeoshwa kwa ajili ya ndoa hakuruhusiwa kulia wala kuguna, hata maji yakimwingia machoni. Anayelia chini ya kata atalia nyumbani kwa mume. Sikuzani aliambiwa hivyo na mama yake, naye akamfundisha Mwanvua, mtoto wake wa pekee, tangu hajaota meno ya ukubwani. Mwanvua alikuwa na nywele nyingi mpaka zinamchosha shingo, na mama yake alikuwa na ndoto moja tu, wala hakuificha: siku binti huyu atakapotoka kwenda kwa mume, atoke na kichwa kilichooshwa kwa mikono yake. Wengine huwaombea watoto wao utajiri. Yeye aliomba hicho tu, na naona hata hicho kilikuwa kingi.

Mwaka sabini na nne watu wa bonde wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Lori lilikuja asubuhi, jioni walikuwa wameshushwa uwandani upande wa Mvumi, kwenye kijiji cha nyumba zilizopangwa mistari, nyingine hazijaezekwa. Sitaki kugombana na mtu leo. Shule ilijengwa, na kisima kikachimbwa. Ila mtu aliyepanga mistari ile hakuuliza nani anaacha nini. Mgomba, mlimau, kingo za mto Mkondoa alikochuma mlenda, vyote vilibaki. Mvua nazo zikagoma, mtama ukafia shambani. Kilichostawi mwaka uliofuata kilikuwa pamba ya shamba la kijiji, na kwenye duka la kijiji sabuni ikawa hadithi.

Jirani yake mstari ule alikuwa Magreti, Mkristo, mjane wa mfanyakazi wa reli. Wote walimwita Mama Beda. Walielewana haraka; waliazimana ungo, chumvi na maneno. Mwanvua akachumbiwa na fundi cherehani wa Mvumi, harusi ikapangwa baada ya Idi, mwezi wa kumi mwaka sabini na tano.

Mwezi wa Ramadhani ukiwa unayoyoma, bwana shamba akaamuru mashina ya pamba yang'olewe na kuchomwa, wadudu wasivuke mwaka. Moshi ulitanda siku mbili. Moto ulipozima, Sikuzani aliona marundo ya majivu meupe, laini kuliko unga wa muhogo. Mabua ya mtama hakuwa nayo hata moja. Akajaza kapu.

"Majivu ni majivu," alisema.

Siku nne kabla ya Idi, jua la saa tano, alimkalisha Mwanvua kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Nywele zilitakiwa zikauke kwa jua, zipakwe mafuta, zisukwe. Magreti alikuja kutazama, akiwa na bakuli lake la viazi mkononi. Sikuzani alipima kata mbili za maji ya majivu yale ya pamba, akapima kata nne za maji ya kisima, akakoroga. Kidole kikaenda chenyewe kwenye maji, kikarudi. Alikuwa amefunga.

"Huonji leo?" Magreti akauliza.

"Nimefunga, Mama Beda."

"Basi niletee mimi. Ulimi wangu haujafunga."

Sikuzani akacheka. Alicheka kwa raha kabisa, ndicho kinachoniuma ninapoisimulia. "Wewe na viazi vyako utajua nini? Mkono huu umepima miaka ishirini. Mwanvua, inama."

Mwanvua akainama. Kata ya kwanza ikamwagika. Mabega yake yakaruka.

"Yanawasha, mama."

"Yanawasha kwa kila mtu. Umesahau nilichokufundisha?"

Mwanvua hakusahau. Alifumba macho, akang'ata upindo wa kanga yake, akanyamaza. Mama akamimina, akasugua kwa mlenda aliouagiza Kidete, akamimina tena, huku akiimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa kuwaimbia wari. Kata ya tatu. Kata ya nne. Msichana alitetemeka mwili mzima bila kutoa sauti, na mama yake, Mungu amsamehe, aliona fahari. Alijisemea kwamba amelea.

Ni Magreti aliyeona shingo. Aliangusha bakuli, viazi vikasambaa. "Mama Mwanvua, acha! Mtazame mtoto!"

Shingo ilikuwa nyekundu, inachubuka. Walimwagia mtungi mzima wa maji ya kisima, kisha mwingine. Nywele zilitoka na mikono ya Sikuzani, mafungu mafungu, kama nyasi za paa bovu. Ngozi ya utosini ililainika ikateleza chini ya vidole. Kanga aliyoing'ata Mwanvua ilikuwa imetoboka.

Kwenye zahanati walimpaka dawa na kumfunga kitambaa, wakasema majivu ya pamba huwa makali kuliko ya mtama. Vidonda vilipona kwa miezi miwili, lakini kutoka utosini hadi kisogoni nywele hazikuota tena. Pakabaki ngozi inayong'aa, iliyojikunja kwa makovu. Kijijini watu walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walisema vizuri, kwa huruma, na hakuna hata mmoja aliyekalia kigoda kile tena.

Siku moja Sikuzani alimuuliza mwalimu wa madrasa kama mtu aliyefunga anaweza kuonja kitu. Mzee yule hakujua anaulizwa nini. "Ukiwa na haja, ukaonja kwa ncha ya ulimi ukatema bila kumeza, saumu yako iko palepale," akajibu, akaendelea na safari yake. Sikuzani alibaki amesimama njiani mpaka watu wakamuuliza kama anaumwa.

Fundi cherehani alimwoa Mwanvua, ingawa harusi ilisogezwa mpaka mwaka mpya. Mwanamume yule mpeni haki yake. Alimshonea vitambaa vya kichwa vya kila rangi, na hakumsema hata siku moja. Kwa hiyo usifikiri ndoa ndiyo iliyopotea. Kilichopotea ni kidogo kuliko hicho, na kwa Sikuzani ndicho kilichokuwa kila kitu. Mwanvua hakumruhusu mama yake amguse kichwa tena.

Hakuwa na kiburi. Kila alipokuja kumtembelea alipiga goti kidogo mlangoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Alileta unga, alifagia uwanja, alicheka na Magreti. Lakini mkono wa mama ukiinuka, hata kumpangusa vumbi tu, shingo ilijikunja yenyewe. Mara moja Sikuzani aliomba waziwazi.

"Nikupake mafuta tu, mwanangu. Ya nyonyo. Hayana kitu."

"Najua, mama," Mwanvua akasema kwa upole. "Nimeshakusamehe. Kichwa ndicho kinachokataa."

Kumbe msamaha nao unaweza kumnyima mtu usingizi. Angetukanwa angelia yakaisha. Sikuzani akakonda, akawa anaonja kila kitu: maji ya kisima, mchuzi, hata maji ya kunawa. Magreti akimkanya, alisema anajizoeza.

Mwaka wa tatu wa ndoa, Mwanvua alipoteza damu akijifungua. Barabara ilikuwa tope tupu na trekta la kijiji halikuwa na mafuta; walimbeba kwa machela, na kabla ya kufika njia kuu wakageuza. Mtoto naye hakupona.

Wanawake walipokusanyika kuosha maiti, walimwambia Sikuzani apumzike, kazi ile si ya mama mwenye hali kama yake. Alikataa. Alikwenda mwenyewe kuchuma majani ya mkunazi, akayatwanga, akayafikicha ndani ya maji mpaka povu likapanda. Akakaa upande wa kichwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa pale.

Alifungua kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona kovu tangu lilipopona. Pembezoni, juu ya masikio, nywele zilikuwa bado nyingi, nyeusi, za utotoni. Aliweka kiganja chake pale utosini, na shingo haikujikunja.

Kisha, kabla ya kumimina, alichovya kidole kwenye maji. Akaonja. Wanawake walimtazama, mmoja akafungua mdomo kumzuia, mwingine akamshika mwenzake mkono ili amwache. Sikuzani hakuwa na haraka. Aliuacha ulimi ufanye kazi yake, akaonja mara ya pili ili awe na hakika.

"Hayaumi," alimwambia binti yake. "Nimeonja, mwanangu. Leo ukitaka kulia, lia."

Akamimina, na Mwanvua akanyamaza kama alivyofundishwa.