Nimenunua Benzi lililokuwa banda la kuku Mikindani, ila kadi nilipewa baada ya kumpitisha bibi mbele ya mke mwenziwe

Wakuu, wanaostahili shikamoo nawapa, waliobaki mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili la magari. Miaka yote nasoma ushauri wenu, naupuuza, kisha naumia peke yangu. Leo nimeona niandike. Nilichobadilisha humu ni majina tu. Mengine yametokea hivi hivi, na mke wangu yumo humu ndani kwa ID nyingine, kwa hiyo nikitia chumvi ataniumbua kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi ni mpima ardhi hapa Mtwara. Nakaa Shangani, nyumba ya kupanga, na nilikuwa na kigari kidogo ambacho nikikaa magoti yanagusa usukani. Kinafika kila mahali, kinakula mafuta kidogo, hakina mjadala. Nilikichukia kuliko mshahara wangu.

Ugonjwa wangu ni Benzi. Haya mapya yenye luninga kwenye dashibodi siyataki hata bure. Nazungumzia W123, lile la zamani walilokuwa wanatembelea mabalozi na matajiri wa korosho.

Nilikuwa darasa la nne, kijijini kwetu, mgeni rasmi wa mahafali akaja nalo. Hotuba yake sikumbuki hata neno moja. Nakumbuka mlango ulivyofungwa. Ulifanya "tup", basi. Nyumbani kwetu mlango ulikuwa wa bati, ukifungwa jirani anauliza kuna nini. Siku ile nikajisemea, ipo siku na mimi nitafunga mlango wa namna ile.

Sasa tuje kwenye kisa.

Mwaka juzi nilikuwa Mikindani kwenye kazi ya mipaka ya viwanja. Nyuma ya nyumba moja ya mawe kulikuwa na kichaka kizito. Nikachomeka fimbo yangu ya kupimia nipate usawa, ikagonga chuma. Nikachomeka pembeni, chuma tena. Nikafunua majani, nikaona lile duara la nyota mbele ya boneti.

Wakuu, nilikaa chini. Kazi ya watu nikaisahau.

Benzi 230, gia za mkono, rangi ya maziwa, angalau sehemu ambazo kutu ilikuwa haijafika. Ndani kulikuwa na kuku. Tetea mmoja alikuwa amelalia mayai kwenye siti ya mbele ya abiria, akanitazama kama mimi ndiye mvamizi. Sakafu ilikuwa imeoza mpaka unaona ardhi. Waya zote panya walishazimaliza.

Nikafungua mlango wa nyuma, mmoja tu ndio ulikubali. Nikaufunga.

Tup.

Nikajua nimekwisha.

Mwenye nyumba anaitwa Bi Somoe, mjane, umri wake unapita sabini. Kanipokea vizuri, kahawa, kashata. Nikamwambia, "Bibi, lile gari nyuma, ningependa kulinunua."

Akanitazama muda. "Wewe unaumwa?"

"Hapana bibi."

"Basi utaumwa."

Bei tulikubaliana haraka kuliko nilivyotarajia, na hapa siitaji kwa sababu niliyoieleza pale juu. Nikadhani deal imeisha. Bibi akainua kidole.

"Kadi nakaa nayo mimi. Ukilitengeneza likatembea, mtu wa kwanza kukaa siti ya mbele ni mimi. Utanipeleka Nanyamba, utanipitisha mlangoni kwa Dija taratibu, utapiga honi mara mbili, tunageuza, tunarudi. Kushuka sishuki. Tukirudi, kadi yako hii."

Dija ndiye nani? Mke mdogo wa marehemu.

Marehemu alikuwa mnunuzi wa korosho, na wake wawili. Bi Somoe mke mkubwa, Mikindani. Bi Dija mke mdogo, Nanyamba, huko huko kwenye korosho zenyewe. Aliponunua Benzi alikuwa anazunguka nalo vijijini, na aliyekaa mbele siku zote ni Bi Dija. Bi Somoe kazi yake ilikuwa kulichungulia dirishani likiondoka. Watu wakimletea habari, "Mwenzio anakaa mbele kama mke wa mkuu wa mkoa." Miaka nenda rudi hajawahi kuingia hata siti ya nyuma.

Mzee alipofariki wakagawana. Bi Dija akapata shamba la mikorosho, Bi Somoe akapata nyumba na gari. Tangu arobaini ya mzee hawajasemeshana.

"Nikaweka kuku," akaniambia. "Kuku wangu wamekaa mbele kabla yangu. Yule bwana ajue huko aliko."

Mimi nilikuwa nishapagawa. Angeniambia nimpeleke Maputo ningekubali.

Nikalivuta gari mpaka kwa Fundi Nangolo. Huyu ana gereji yake njia ya Naliendele, mtu wa maneno machache, ukimletea gari bovu anafurahi kama daktari aliyepata mgonjwa wa ajabu. Alilizunguka mara mbili, akachungulia chini, akainuka.

"Hili halina ugonjwa," akasema. "Lina uzee. Uzee hautibiwi, unatunzwa."

Nikaona busara. Sikujua ananiandaa kisaikolojia.

Nyumbani nikafika na habari. Mke wangu ni muuguzi, mtu wa Njombe, hana papara. Alisikiliza yote anamenya viazi. Nilipofika kwenye sharti la siti ya mbele akaacha kumenya.

"Kwa hiyo mimi nitakaa wapi?"

"Nyuma. Mara moja tu."

"Umenunua gari, mwanamke mwingine ndio anakaa mbele, na mimi nakaa nyuma." Akarudi kwenye viazi. "Mahari umetoa lini?"

Kwa wiki nzima nilikuwa napakuliwa chakula bila maelezo.

Matengenezo sitawachosha. Wenye magari ya zamani mnajua, na wasiojua waendelee kulala vizuri. Fundi wa bodi alikata sakafu yote akaunga bati jipya. Kabureta ilitoka Dar kwenye basi, ikafika ni ya gari lingine. Tukairudisha, ikaja nyingine, nayo si yenyewe. Ya tatu Nangolo akaikata akaipiga tindo mpaka ikakubali, akanikataza kuuliza amefanyaje. Siti tulishonesha upya, lakini wakuu, harufu ya kuku haitoki. Mpaka leo kukiwa na jua kali utadhani umepakia banda.

Nikakaribia kukata tamaa. Mwezi wa nane gari lilikuwa bado juu ya mawe, na mimi nilishaanza kuficha simu za mafundi kama mchepuko.

Kilichonisukuma ni mke wangu mwenyewe.

Siku moja alikuwa zamu, akaletewa bibi mmoja presha imepanda vibaya. Bi Somoe. Hawakuwa wanajuana sura, wakajuana kwa maneno, maana bibi alipopata nafuu kidogo alianza kumweleza nesi habari za gari lake linalotengenezwa na "kijana mmoja mgonjwa wa akili". Wakakaa naye siku nne pale wodini.

Mke wangu akarudi nyumbani, akaweka mkoba, hata maji hajanywa.

"Gari la bibi litapona lini?"

"Gari langu, Nangolo anasema..."

"La bibi. Lini?"

"Labda mwezi ujao."

"Yule mama anaweza asiwepo huo mwezi ujao wenu. Amekaa kitandani ananiuliza kama siti ya mbele ina mkanda." Akavua viatu. "Mimi nitakaa nyuma. Mwambie fundi wako aache falsafa afunge gari."

Mke wangu akawa anapita gereji kila akitoka kazini. Na sare zake nyeupe. Nangolo, ambaye mimi ananizungusha atakavyo, akawa anafanya kazi kama ana mtihani. Wiki tatu, Benzi likawaka.

Jumamosi asubuhi tukaenda kumchukua bibi. Ametoka na kanga mpya juu ya baibui, udi unanukia mpaka kwa jirani, miwani ya jua kavaa. Presha yake mke wangu alishaipima mlangoni. Nikamfungulia siti ya mbele, akakaa, nikaufunga mlango.  Alipapasa dashibodi taratibu kama anamtafuta mtu.

 Tulipopita Naliendele bibi akasema tu, "Kumbe barabara inaonekana hivi." Mke wangu huko nyuma nikamwona kwenye kioo anajifuta macho, akaniambia ni vumbi. Barabara ya lami ile.

Nilikuwa najiona mfalme. Mshale wa joto ulikuwa unapanda, mimi nautazama najiambia geji za zamani zinadanganya.

Tukaingia Nanyamba. Bibi akaonesha nyumba ya bati jekundu yenye baraza pana. "Ndiyo ile. Taratibu. Honi."

Nikapiga ya kwanza. Ya pili haikutoka. Kilichotoka ni moshi, mvuke wa maji mweupe kutoka kwenye boneti, na gari likazima pale pale, mlangoni kwa Bi Dija, utafikiri tumekodiwa kuleta ukungu.

Bi Somoe akashusha miwani. "Washa."

"Bibi, rejeta imechemka, lazima ipoe."

"Washa nimesema."

Haliwaki. Watu wakaanza kusogea. Bibi akatazama mbele kama picha ya kitambulisho. Nikashuka kufungua boneti, aibu imenijaa mpaka masikioni.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka mama mfupi, mdogo kidogo kiumri kuliko Bi Somoe, mkono mmoja kiunoni na mwingine umebeba ndoo ya maji. Hakuuliza sisi ni nani. Aliitua ndoo, akalitazama gari.

"Hili shetani halijafa tu?"

Halafu akamwona aliyekaa mbele.

 Mke wangu kashika kipimo cha presha mkononi, tayari kwa lolote.

"Dada Somoe," akasema Bi Dija. "Umekaa mbele."

"Nimekaa," bibi akajibu bila kugeuka. "Miaka yote ulikaa wewe. Leo zamu yangu."

Bi Dija akasogea mpaka dirishani. "Mimi nilikaa mbele?"

"Watu walikuona."

"Walioniona waliniona likishaondoka. Dada, mwanaume wako alikuwa bahili, hakununua betri hata siku moja. Alisema mke anakula, betri inakula, hawezi kulisha vyote viwili. Unadhani kwa nini alikuwa ananichukua mimi? Nilikuwa na nguvu. Kila kijiji nasukuma. Likishawaka hasimami, anaogopa litazima, mimi nakimbia nadandia kama kondakta. Hiki kiuno kinachoniuma si kilimo. Ni hili hili Benzi lako."

Bi Somoe akageuka. Mara ya kwanza kumtazama tangu arobaini.

"Na mimi nachungulia dirishani nakulaani," akasema.

"Ilifika," Bi Dija akajibu. "Ilikaa hapa kiunoni."

Sijui nani alianza kucheka. Najua Bi Somoe alicheka mpaka miwani ikadondoka, na mke wangu akawa anasema, "Mama, presha, presha," huku naye anacheka. Baadaye kicheko kikageuka kilio, wamekumbatiana kupitia dirishani, mimi nimeshika kifuniko cha rejeta sijui nitazame nini.

Aliyesema hashuki, akashuka. Tukala pale ugali wa muhogo na samaki, wao wawili wakimsengenya marehemu mpaka alasiri. Wakuu, mwanaume ukifa usiache wajane wawili wenye kumbukumbu nzuri. Nilijifunza mambo ya yule mzee ambayo hata malaika hawajayaandika.

Saa ya kuondoka, nageuza ufunguo, kimya. Stata nayo imegoma.

Bi Dija akamtazama mwenziwe. "Dada, mimi leo nakaa mbele. Wewe nenda nyuma ukajue kazi."

Mke wangu akakataa kabisa, akasema mgonjwa wake hasukumi gari. Wakafika makubaliano: vijana wa mtaani wanasukuma, Bi Somoe anaweka mikono tu kwenye buti. Akaiweka. Akasukuma mita kumi kwa mikono ile, kanga inapepea, anamtukana marehemu kwa kila hatua. Likawaka.

Na mimi, kwa kuogopa lisizime, sikusimama.

Nilisimama mbele kidogo kwenye kilima, msinisome vibaya. Bi Somoe akapanda nyuma na mke wangu, Bi Dija tukaondoka naye mpaka Mikindani, akakae siku mbili kwa dada yake. Akakaa miezi miwili.

Kadi nilipewa jioni ile. Ilikuwa imekunjwa ndani ya kitambaa, pamoja na picha ndogo ya mzee amesimama pembeni ya gari. Bi Somoe akachomoa picha, akabaki nayo.

Funzo langu, wakuu, ni dogo. Ukienda kununua gari la zamani usimuulize aliyekuwa analiendesha, huyo atakudanganya kwa mapenzi. Mtafute aliyekuwa analisukuma. Na ukimwonea mtu wivu miaka yote, fanya utaratibu ukamuulize maisha yake yakoje. Huenda kiuno kinamuuma.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi nina safari ya Nanyamba na bibi wawili wanaogombea siti ya mbele, mke wangu ndiye refa, mimi ni dereva tu.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye Benzi za kizee mniambie mnaishije, wenye wake wawili mjitetee, na mwenye rejeta nzima ya W123 asiweke hapa bei, aje PM. Nimeshasema mke wangu yumo.