Kipande cha Tatu

Dada yangu ni fundi cherehani, na sifa yake ni moja: harudishi kitambaa. Umletee kifupi, kilichoungua pasi, kilichoharibiwa na fundi mwingine, atakikunjua, atavuta mdomo, halafu atasema, "Acha hapo, tutaona." Na kweli. Ataunga huku, atatia kiraka kwapani pasipoonekana, utavaa na watu watakusifia. Sifa hiyo ndiyo inayotulisha, yeye, mama na mimi. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo ni mtu wa vibarua: leo naosha magari, kesho nabeba saruji, nikikosa vyote nampigia dada pasi.

Lakini dada hakutaka kuzeekea kwenye cherehani. Alitaka chuo cha maabara, avae koti jeupe, apime damu za watu. Chuo chenyewe hakipokei aliyevuka thelathini, na yeye alikuwa anaigonga. Mtihani wa kuingia una hesabu, na hesabu zilishamwangusha mara mbili. Hii ilikuwa ya mwisho. Nyumbani hakuna aliyelisema hilo, lakini hata chai tulikuwa tunakoroga polepole.

Aliyemfundisha ni mwalimu mstaafu, jirani yetu, tunamwita Chaki, maana mpaka nyusi zake zina chaki. Jioni alikuwa anakaa kwenye benchi la wateja, dada anashona huku anajibu, mimi napiga pasi na kusikiliza. Ndipo nilipojua grafu za vipande. Unapewa mstari uliokatwa, kila kipande na fomula yake. Kimoja kinapoishia ndipo kingine kinapoanzia, ila ncha zinaweza zisikutane, ukabaki mwanya. Kwenye kipande kimoja wameficha namba, wanaiita k. Kazi yako utafute k ni ngapi ili ncha zikutane, uchore yote bila kuinua kalamu.

"Kumbe kushona tu!" dada akacheka, ikabidi ateme pini.

"Kushona, ndiyo," Chaki akasema. "Ila fundi, kitambaa ni cha mwenyewe. Unaruhusiwa kugusa k tu. Kwingine mkasi usipite."

"Nimekusikia, mwalimu."

"Kwa sikio gani? Lile la redio au lile la umbea?"

Siku ya mtihani alirudi anaimba. Chaki alikuwa ameshafika, anamsubiri. Dada hata mkoba hakuutua, akachukua chaki ya kukatia, akachora juu ya meza.

"Kipande cha kwanza, x jumlisha mbili, kinaishia kwenye moja. Cha pili, k mara x, kutoka moja mpaka tatu. Cha tatu, x jumlisha nne. Sasa pale kwenye moja, cha kwanza kinatoa tatu, kwa hiyo k ni tatu. Sawa?"

"Sawa sawa."

"Naenda kwenye tatu. Cha pili kimefika tisa, cha tatu kinaanzia saba. Mwanya! Nikaanza upya na upande ule. Ukiziba kule, huku kunafunguka. Nimehangaika, mwalimu, jasho mpaka kwenye kope! Mwisho nikasema, mimi si fundi bwana? Ile nne nikaifanya sita. Zikakutana sawasawa!"

Chaki akavua miwani. "Swali lilisemaje, neno kwa neno?"

"Tafuta k, au onyesha kwamba haipo."

"Haipo," Chaki akasema taratibu. "Jibu ndilo hilo, mwanangu. Uoneshe kiungo kimoja kinataka hii, kingine kinataka ile, uandike haipo, usonge mbele."

"Yaani mtu ananiletea kazi, mimi nimrudishie nimwambie haiwezekani?"

"Ndiyo. Na maswali yaliyofuata?"

Dada akaifuta meza kwa kiganja. "Muda uliniishia hapo hapo."

Chaki akavaa miwani, akaaga.

Majibu yalikuja kwa simu. Dada alikuwa anakata kola. Akasoma, akanipa simu, akaendelea kukata, na wala hakukosea mstari.

"Jaribu kwingine, mwanangu," mama akasema. "Mungu hamtupi mja wake."

"Wapi, mama?"

Mama akaokota vipande vya kola sakafuni.

Tangu siku ile Chaki akipita anasalimia akiwa barabarani, anaharakisha kama mtu anayekimbia mvua. Dada anaitikia bila kuinua kichwa.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, ana kitambaa cha mistari. "Fundi wangu, kimepungua kidogo, lakini wewe najua hushindwi."

Dada akakipima. Akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia.

"Haiwezekani."

"We! Hata ukiunga?"

"Nikiunga huku, kule kunafunguka."

Mama wa watu akacheka, akidhani ni utani, akanigeukia mimi nicheke naye. Nikainamia pasi. Alipoona hakuna anayecheka, akachukua kitambaa chake, akavuka barabara kwa fundi wa upande wa pili.

Kitambaa kile nilikiona kwa macho yangu. Kilitaka kiraka kidogo tu, kwapani.