Siku Tuliyocheza Ng'ombe Karafuu Zikiwa Juani

Enzi zetu skuli zikifungwa, hakuna mzazi wa Pemba aliyekaa akijiuliza watoto atawafanyia nini wasichoke nyumbani. Swali lenyewe lingemchekesha. Likizo ndefu ilikutana na karafuu, na karafuu zikishaiva kila mwenye mikono miwili alikuwa na pa kwenda. Baba na wajomba walikuwa juu ya mikarafuu, mama zetu chini na mapakacha, na sisi wadogo tulipelekwa jumla jumla kwa Bibi Mize, mama yake baba, aliyekuwa na uwanja mpana wa kuanikia na subira ya kutuvumilia.

Wenzangu mliokulia huko mnaijua harufu ninayoisema. Karafuu mbichi ina harufu yake, ya kwenye jamvi ina yake, na ile ya vidole vya mtoto aliyechambua tangu asubuhi haitoki hata umpe sabuni mche mzima. Tulikula mhogo wa nazi kwa vidole hivyo hivyo vyeusi, na mpaka leo mhogo usionukia karafuu mie naona haujapikwa sawasawa. Shelisheli tulilitia kwenye moto wa makumbi ya nazi tukaligombania likiwa bado linaunguza. Aliyeungua ulimi alichekwa, kisha akapewa kipande kikubwa zaidi.

Bibi hakuwa na mchezo hata mmoja wa kununua dukani, na sikumbuki siku niliyoboreka. Neno lenyewe la kuboreka tumelijulia ukubwani, tumeletewa na wajukuu. Yeye alitukalisha mduara, kila mtu na chungu yake ya karafuu za kuchambua, akaanza hadithi. Akifika pale jini linapotoa kichwa kisimani, ananyamaza.

"Bibi, ikawaje?"

"Jini lanyamaza mpaka nione makonyo yametoka yote kwenye chungu zenu. Halipendi uchafu jini hili."

Basi vidole vilikwenda mbio! Karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, na wala hatukujua kuwa tunafanyishwa kazi. Tukimaliza, wasichana waliingia kwenye nage na mdako, wavulana tulikata mabua ya mpapai tukayapuliza kama zumari, tukawa tunapiga kelele mpaka kuku wanahama uwanja. Bibi alituacha. Mtoto anayepiga kelele, alisema, unajua alipo.

Mchezo mmoja tu aliukataza, na huo ndio tuliokuwa tukiupenda kuliko yote, mchezo wa ng'ombe. Kwa msiokulia kwetu, huu ni mchezo wa watu wazima hasa. Dume la ng'ombe hufungwa kamba, zumari na ngoma zinalia, wanawake wanaimba, na vijana wanaingia mmoja mmoja kulichokoza kwa kitambaa, kisha wanajua wenyewe watakimbilia wapi. Sisi tuliuiga. Pembe tulichonga kwa upongoo wa mnazi, kamba ilikuwa ya makumbi, na ng'ombe nilikuwa mimi. Sijisifu, ila kwa kichwa nilichojaaliwa na Mungu hakukuwa na mshindani.

Sasa wazee wetu walishikilia kwamba mchezo wa ng'ombe huita mvua. Ukame ukizidi, watu walitoa ng'ombe wakacheza, na mvua ikaja. Kwa hiyo utaona mwenyewe ubaya wa kuucheza mbele ya uwanja uliojaa majamvi ya karafuu.

"Chezeni mtakacho," Bibi alituambia kila mwaka siku ya kwanza, kidole juu. "Ila ng'ombe hapana, mpaka karafuu za babu yenu ziingie ndani zimekauka. Mwataka kuniitia mvua mie?"

Na Babu, Mzee Faki, alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Hakuna aliyetaka kujaribu.

Likizo ninayotaka kuihadithia ni ile aliyokuja Zuwena. Mama yake, Shangazi Salma, ndiye aliyekuwa kifungua mimba wa Bibi na Babu. Aliolewa Dar es Salaam, na mwaka ule alifariki baada ya kuugua muda mfupi tu. Mumewe alimleta mtoto Pemba skuli zilipofungwa. Nilikuwepo barazani alipozungumza na Bibi, naye alisema bila ya kuficha kitu.

"Mama, mtoto hali, hasemi, hachezi. Nimeona akae na wewe likizo hii. Akizoea, nitamwacha asome huku. Asipozoea, dada yangu yuko Tabora, atamchukua."

Bibi alimjibu, "Inshallah atazoea." Lakini tulipobaki peke yetu alikaa akiitazama njia aliyoondokea yule baba. Tabora kwetu sisi ilikuwa mwisho wa dunia. Bibi hakuwahi kuvuka bahari kwenda hata Unguja, na hata mie niliyekuwa mdogo nilifahamu kwamba Zuwena akipelekwa huko Bibi hatamwona tena. Alikuwa amempoteza binti, na sasa alikuwa anapimwa kama ataweza kumbakisha mjukuu.

Akahangaika mwanamke wa watu. Zuwena alikuwa wa umri wangu, mwembamba, nywele zimesukwa vizuri na mtu ambaye sasa hayupo. Aliketi pembe ya jamvi akachambua karafuu taratibu, akiulizwa anaitika "ndiyo" au "hapana", basi. Bibi alimpikia mkate wa kumimina, akamega kidogo akashukuru. Jirani mwenye ndugu zake Kisiwa Panza alileta pweza, Bibi akamkaangia kwa nazi mpaka sisi wengine mate yanatudondoka, naye akala tonge moja. Hadithi ya jini ilipokatishwa kisimani sote tulipiga kelele, Zuwena hakuuliza ikawaje. Bibi akamtazama, akaendelea kuhadithia kwa sauti iliyopungua nguvu.

Siku zikenda. Karafuu zilikuwa nyingi mwaka ule, na likizo ikaanza kuisha.

Basi mchana mmoja Babu kaenda msikitini kusali adhuhuri, jua kali, mbingu haina doa, majamvi yametandazwa uwanja mzima na karafuu zimeshaanza kugeuka rangi ile nyekundu ya kupendeza. Ndugu yangu Hamad, mtukutu asiye na dawa, akachukua bua lake la mpapai akapuliza ule wimbo wa mchezo wa ng'ombe. Bibi alikuwa anainua mkono amtishie kofi. Zuwena akanyanyua kichwa.

"Huo mama alikuwa akiuimba," alisema.

Mkono wa Bibi ukabaki hewani. "Akiuimba wapi, mwanangu?"

"Jikoni. Akipika."

Shangazi Salma, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa akiupenda mchezo wa ng'ombe kuliko wasichana wote wa mtaa. Akisikia zumari huwezi kumweka ndani. Bibi aliyatazama majamvi, akaitazama mbingu, akamtazama yule mtoto.

"Kaleteni kamba," alisema.

Hatukuinuka. Tulidhani anatutega.

"Bibi, na karafuu?"

"Mie nimesema kaleteni kamba! Na hizo pembe mlizozificha nyuma ya choo, mwafikiri sizijui?"

Tukakurupuka. Nilikuwa wa kwanza kurudi, pembe nimeshazivaa kichwani, tayari kwa kazi yangu. Bibi akanivua.

"Weye kaa pembeni. Leo ng'ombe Zuwena."

"Bibi! Ng'ombe msichana?"

"Kwani maziwa unayokunywa asubuhi yakamwa kwenye dume?"

Bibi akamfunga Zuwena pembe kwa kipande cha kanga, akamtia kamba kiunoni, akachukua sufuria akalipindua, akaanza kulipiga na kuimba. Sikuwahi kumsikia Bibi akiimba kabla ya siku ile. Hamad akapuliza. Zuwena akasimama katikati ya uwanja, mikono imening'inia, hajui afanye nini. Mimi bado nimenuna, basi nikachukua kanga ya Bibi nikaenda kumtikisia karibu na pua. "Ng'ombe gani huyu? Kondoo!" Nikamtikisia tena. "Kondoo wa Dar!"

Jamani, alinijia! Sikumwona alipoanza kukimbia. Alinipiga kichwa cha tumbo nikarudi nyuma nikaangukia kwenye chungu ya makonyo, miguu juu, kikoi kule. Nilipotoa makonyo mdomoni nikasikia mtu anacheka. Alikuwa ni Zuwena. Alicheka mpaka akaketi chini, kicheko cha kukatika pumzi, na kila akinitazama anaanza upya.

Sufuria likanyamaza. Kicheko kile kilikuwa cha Shangazi Salma mtupu, hata mimi niliyemwona mara chache nilikijua. Bibi alijifuta macho kwa mkono uliojaa utomvu wa karafuu, yakazidi kumwasha, akalikamata sufuria tena akalipiga kwa nguvu kuliko mwanzo. Machozi yanamtiririka na anaimba. "Haya ng'ombe! Haya inuka!" Na ng'ombe akainuka akamfuata Hamad.

Hakuna aliyeitazama mbingu tena. Wingu lilitokea nyuma ya kilima, nyuma ya mikarafuu, likaja kimya kimya, na tulipopata habari zake matone yalikuwa yameshaanza kulia juu ya majamvi.

"Mvua yaja! Anueni! Anueni!"

Tulikimbia kila mtu na pembe ya jamvi lake, lakini mvua za kwetu mnazijua hazisubiri mtu. Machache tuliyaingiza ukumbini. Mengine yalirowa palepale, na karafuu nyingine zilikwenda na maji mpaka migombani. Zuwena alikuwa anakimbia mvuani na pembe zake, kamba anaiburura nyuma, anatupiga vichwa sisi tunaoanua.

Babu alirudi msikitini kanzu imemganda mwilini. Akasimama uwanjani. Akaona majamvi, akaona kamba, akaona pembe. Sisi tulijipanga ukutani.

"Nani kacheza ng'ombe karafuu ziko juani?"

"Mie," Bibi alisema.

Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina lake, humwita kwa jina la mtoto wa kwanza. Tangu msiba Bibi alikuwa haliwezi jina lile, akitaka kumwita Babu alikohoa tu au alimtuma mmoja wetu. Siku ile alimsogelea akamwambia, "Baba Salma, karafuu zimerowa. Mwana wa Salma kacheka."

Babu alivua kofia akaikamua maji, akakaa kwenye ukingo wa baraza. Kisha akauliza, polepole, "Kacheka vipi?"

"Kacheka mpaka kakaa chini."

"Mie nilikuwa msikitini," Babu alisema, kama aliyedhulumiwa. "Basi na arudie, nami nione."

Na nikachokoza ng'ombe tena, mvuani, mbele ya Mzee Faki, na nikapigwa kichwa tena, wallahi kwa hiari yangu. Karafuu zile tulizianika upya, lakini zilishaharibika rangi na zikapokewa daraja la chini. Babu hakulitaja jambo hilo siku zote za uhai wake.

Baba yake Zuwena alipokuja alimkuta mwanawe na vidole vyeusi, kanga kiunoni, anamtukana Hamad kwa Kipemba kilichonyooka. Alisimama pale njiani akatazama. Bibi alimtandikia mkeka, hathubutu kuuliza.

"Mama," alisema yule bwana, "nimekuja kumchukua, lakini naona ana kazi zake."

Zuwena akabaki. Akasoma huku, akasomesha skuli mpaka akastaafu, na leo ana nyumba yake karibu na Gombani, ana wajukuu wanaokuja kutoka Dar kila likizo. Na sisi ndio tumekuwa wazee wa kujiuliza watoto tuwafanyie nini. Mwaka huu alinipigia simu, "Kaka, nakuletea hawa, wamenishinda." Wakaja, kila mmoja na simu yake na waya wake. Siku ya kwanza waliniuliza nywila ya intaneti. Nikawaambia hapa kuna mikarafuu na kisima. Umeme ulipokatika wakakaa barazani kama waliofiwa, wakaniuliza, "Babu, sasa tufanye nini?"

Siwalaumu. Sisi hatukuwa watoto wema kuliko wao. Tulikuwa na mtu tu aliyekaa nasi chini kwenye jamvi siku nzima, na wao mtu huyo wamepewa kwenye kioo cha simu. Nikawahadithia, nikafika pale bibi yao anapovalishwa pembe, nikanyamaza. Wakaniuliza ikawaje! Nilifurahi nikataka kulia.

Jana Zuwena alikuja kuwachukua. Hajashuka vizuri kwenye gari, mdogo wao akamrukia. "Bibi, eti wewe ulikuwa ng'ombe?"

Alinitazama kwa jicho la kuua. Kisha akayatazama maturubai yangu, karafuu zimejaa uwanja mzima, zimeshaanza kugeuka rangi ile. Akaitazama mbingu. Akafunga kanga kiunoni, na magoti yake yale mabovu.

"Kaka," alisema, "karafuu zako zimekauka?"

Karafuu zilikuwa bado hazijakauka hata nusu. Nikamwambia zimekauka, nikaenda kutafuta kamba.