Choo cha Pamba

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, mtaani anaitwa Mama Maji Moto, na hakuna anayeuliza sababu. Kikombe ukinywea kwake, kabla hujavaa viatu mlangoni kimeshamwagiwa maji ya kuchemka. Kitasa hukifungua kwa kiwiko. Hata mimi nikimpa mkono, huona macho yake yakikimbilia kwenye sabuni.

Na mtu wa namna hiyo Mungu kampa kazi gani? Udobi. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili. Yanaletwa asubuhi yakiwa mafurushi, naye huyafungua kwa fimbo, pua ameifunga kitambaa, anayageuza kwenye beseni kama mtu anayemchokoa nyoka shimoni.

“Shuka halifichi kitu, wifi,” huniambia. “Mtu anaondoka na tai shingoni, aibu yake ananiachia mimi.” Kisha anatema mate dirishani. Lakini yakishapita kwenye wanga na pasi yake, mashuka hayohayo unaweza kuyafunikia meza ya ibada.

Kaka yangu alikuwa fundi wa malori mpaka kiharusi kilipomshika upande wa kulia, kikachukua na ulimi. Akarudi nyumbani mtu wa kugeuzwa. Wifi alimlisha kwa kijiko, akambadilishia shuka kutwa mara mbili, na kaka hajapata kidonda cha mgongo hata kimoja. Ila haja ya kaka hakuiweza. Siku ya kwanza alijaribu, akatapikia mlangoni.

“Nampenda kaka yako,” aliniambia huku analia, “lakini tumbo langu halijui mapenzi.”

Kwa kuwa nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta tu, kazi hiyo nikaichukua mimi, asubuhi na jioni. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nafunga pua na kuomba kimoyomoyo mpaka nimalize. Lakini kaka alikuwa anajua. Nikimsafisha, macho yake yalikuwa mlangoni, kule alikosimama mkewe akiwa ametupa mgongo.

Sungura aliletwa na binti yao aliyeolewa mbali. Mweupe, ndiyo maana akaitwa Pamba. Alipowekwa kifuani kwa kaka, ule mkono wa kulia uliomshinda mtaalamu wa mazoezi ukaanza kutambaa kwenye manyoya, kidole kimoja kimoja. Kisha mdomo ukasema, “Pa.” Likawa ndilo neno lake pekee. Mtaalamu akatuambia mnyama huyo tusimwondoe, maana anafanya kazi ambayo yeye ilimshinda. Basi wifi, ambaye paka akikatiza uani hufagia nyayo zake, akakaa na sungura chumbani.

Alimkubali kwa masharti. Nyasi za kando ya barabara alizikataa.

“Mbwa wote wa mtaa huu msalani kwao ni pale,” alisema. “Mimi nimlishe mkojo wa mbwa?”

Pamba akalishwa mkate mweupe uliokatwa kingo, biskuti, na karoti iliyomenywa ikaoshwa ikaoshwa tena. Choo chake kilikuwa beseni dogo la bluu, pembeni mwa kitanda, na mnyama akajifunza kulitumia. Beseni hilo lilisuguliwa kuliko sahani zangu za wageni.

Halafu asubuhi moja wifi akaniita ukutani. “Wifi, njoo uone laana. Anakula mavi yake.”

Nilikwenda, na nikatamani nisingekwenda. Havikuwa vile vidonge vikavu tulivyovizoea. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka nyuma, anapokea kwa mdomo kitu cheusi, laini, kilichoshikana kama kishada, kinateleza, kina harufu ya kitu kilichochacha. Anatafuna huku amefumba macho kwa raha.

“Ale hivyo halafu akamlambe mume wangu?” wifi alisema. “Kwenye nyumba hii, hapana.”

Akakata boksi, akamshonea Pamba kola ya mviringo shingoni ili kichwa kisifike nyuma. Kila alfajiri akawa anamvizia na kitambaa chenye maji. Kikitoka tu kile kishada, kimefutwa. Alifurahi. Chumba kilinukia sabuni.

Haikupita muda Pamba akagoma kula. Akajikunyata pembeni, mgongo juu, macho nusu, anasaga meno kama mtu anayetafuna changarawe. Tumbo lilikuwa linanguruma, likanyamaza, na kule kunyamaza kukatutisha zaidi. Kaka aliita, “Pa. Pa.” Wifi akamweka Pamba kifuani kwa kaka, mnyama akateleza, akaenda kujificha nyuma ya mlango. Mkono wa kaka ukabaki juu ya blanketi, umefunguka, hauna kitu. Uji wa jioni kaka akaukataa. Wifi alisogeza kijiko, naye akafunga mdomo kama mtoto.

“Akifa yule,” wifi alininong’oneza jikoni, “na huyu ananifia.”

Akampigia simu daktari wa mifugo, akaiweka kwa sauti ili nami nisikie. Alieleza vizuri, ya kutokula na ya kujikunyata. Daktari, mwanamke kijana, akauliza, “Choo chake kikoje, mama?”

Wifi akanyoosha shingo. Hilo ndilo swali alilolijua. “Choo chake kisafi, daktari.”

“Kikavu?”

“Kikavu kabisa. Nakikausha mwenyewe.”

“Unakikausha?”

“Nakianika juani kila asubuhi.”

“Haya,” daktari alisema polepole, kama mtu aliyeamua asiulize zaidi. “Kama kipo na ni kikavu, njia haijaziba. Mpe maji, usimlazimishe chakula. Asubuhi mlete mapema, na uje na choo chake nikione.”

Asubuhi tulikwenda. Mungu anisamehe, mahali pale palinuka. Mbwa waliolowa, dawa, na mbuzi mmoja mwenye jicho linalotiririka usaha, amekaa na mwenyewe kwenye benchi kama mtu na mkewe. Wifi hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, boksi la Pamba kifuani, nguo amezikusanya zisiguse kitu. Daktari akatoka na buti zenye kinyesi cha ng’ombe mpaka kwenye vifundo, na mikono iliyooshwa, ila wifi aliangalia buti.

“Umekuja na choo?”

Wifi akatoa mfuko. Ndani ya mfuko kitambaa, ndani ya kitambaa lile beseni la bluu, linang’aa. Daktari akachungulia, akaligeuza, akalinusa.

“Mama, hili ni beseni.”

“Ndicho choo chake.”

“Nilikuambia uje na choo.”

“Si hicho hapo? Mbona unakitazama hivyo? Kimeshindwa usafi?”

Mwenye mbuzi ndiye aliyeelewa kwanza. “Mama,” alisema, “daktari anataka mavi.”

“Mavi?” Wifi akamgeukia. “Mavi nayatoa wapi mimi? Kwangu hayakai.”

Mwenye mbuzi alicheka mpaka akashika pembe za mbuzi asianguke. Daktari hakucheka. “Mara ya mwisho kuyaona ni lini, mama?”

Hapo uso wa wifi ukabadilika. “Tangu juzi beseni halina kitu,” alisema kwa sauti ndogo. “Nikashukuru. Nilidhani ameshika adabu.”

Daktari alimweka Pamba mezani, akamsikiliza tumbo kwa kile kifaa cha masikioni, akalibonyeza kwa vidole upande huu na upande ule. “Gesi,” alisema. “Imejaa, na utumbo umelala. Lingekuwa limekaza kama ngoma tungekuwa na maneno mengine. Hili bado linabonyea. Sungura hatapiki, mama. Kilichoingia kina mlango mmoja tu wa kutokea. Anakula nini?”

Wifi akataja mkate, biskuti na karoti. Daktari akatikisa kichwa. Mkate unachacha ndani, alisema, unafura kama kwenye bakuli la mwokaji. Sungura ni mtu wa nyasi, nyasi kutwa kucha, ndizo zinazousukuma utumbo. Kisha akaigusa kola. “Na hii?”

“Ya kuzuia uchafu.”

“Uchafu gani?”

Wifi akamsogelea sikioni. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akaikata kola kwa mkasi.

“Sema kwa sauti, mama, mficha uchi hazai. Kile cha alfajiri si uchafu. Ni chakula chake. Mara ya kwanza kinapita hakijamalizwa, anakirudia. Ukimnyima, tumbo linaharibika. Lazima ale.”

“Ale nini?”

“Ale hicho.”

“Hicho?”

“Hichohicho.”

Wifi alifunika mdomo akatoka nje. Tulimsikia. Mbuzi naye aligeuza shingo kusikiliza.

Aliporudi na macho mekundu, Pamba alikuwa ameshachomwa sindano ya maumivu na kupewa matone ya gesi, ya aina wanayopewa watoto wachanga. Daktari aliyapima mwenyewe kwa uzito wake, akatuonya tusije tukayakadiria nyumbani. Akatupa unga wa nyasi wa kukoroga na maji, na bomba lisilo na sindano la kumlishia. Akatuonyesha kusugua: kiganja kwenye mbavu, polepole kwenda mkiani, bila kukandamiza, kisha mwache arukeruke, kisha tena. Akikaza tumbo au akilegea, tumrudishe mbio.

“Mikononi mwa nani anatulia?”

Nilinyoosha mikono yangu. Pamba akanipiga teke, akanikwaruza mpaka kiwiko. Kwa wifi alijibana kwapani, akanyamaza.

“Basi ni wewe, mama,” daktari alisema. “Akipata choo leo, amepona. Asipopata, sitakudanganya.”

Nyumbani wifi alikaa kwenye mkeka kando ya kitanda cha kaka. Amevaa aproni ya plastiki na glavu za kufulia, kitambaa puani. Pamba aliziogopa glavu. Kila zikimgusa anaruka. Wifi alizitazama, akanitazama, akazivua. Sikuwahi kuona mikono ile ikimpapasa mnyama. Ilikuwa imefifia kwa maji na sabuni, vidole vimekunjamana kama vya mfu. Akaanza kusugua, uso ameuelekeza dirishani. Kaka alikuwa amegeuza kichwa anamwangalia.

Alisugua, akamshusha, akamlisha ule uji wa nyasi uliofanana na kilichotemwa na ng’ombe, nusu ukamrudi wifi kidevuni. Akasugua tena. Tumbo likaguna. Likaguna tena, refu, kama mlango wa stoo. Kisha Pamba akatoa hewa. Sitaki kulisema kwa neno jingine.

Ilikuwa ndogo kwa sauti. Lakini ile harufu, Mwenyezi Mungu, ilikuwa ya kabichi iliyosahauliwa sufuriani pamoja na yai bovu, na ilikuja ikakaa. Mimi nilikimbilia dirishani. Wifi alikohoa, akajikunja, machozi yakamtoka, akafanya “uu” kama wa kutapika, lakini mikono haikuacha.

“Mnyama kiasi cha kiatu,” alisema akipata pumzi, “na uozo wote huu alikuwa ameuweka wapi?”

Hewa ya pili ikaja na wenzake. Wifi alikuwa hajaondoa kiganja. Vidonge vidogo, vimepinda, vimeungana kwa nywele kama shanga, vimevaa ute, vya moto, vikamwagika mkononi mwake. Akabaki ameunyoosha mkono huo mbali na mwili, kama si wake.

“Wifi, hivi nivifanyeje?”

“Mshukuru Mungu.”

“Kwa hivi?”

“Kwa hivyo.”

“Asante, Mungu,” alisema, uso ukutani, midomo imebanwa.

Ndipo kaka aliposema, kwa ulimi mzito, “Choo.”

Tulimgeukia wote. Tangu augue tulikuwa hatujasikia neno jingine zaidi ya Pa.

“Ndiyo, baba,” wifi alisema, anacheka na kulia. “Amepata choo.”

“Choo,” kaka akarudia. Hakuwa anamtazama Pamba. Alikuwa anamtazama yeye.

Nilielewa kwanza mimi, maana ndiyo ilikuwa saa yangu. Nikaweka kanga sawa, nikainuka.

“Kaa, wifi,” alisema. Aliutazama ule mkono, akaupangusa kwenye aproni. “Umeshachafuka. Nikinawa sasa, sitarudi.”

Akanitupia Pamba, akavuta pazia la kitanda. Nilikaa na sungura aliyenichukia, nikasikiliza. Nilimsikia akiguna. Nikamsikia akitema mate kwenye ndoo, tena na tena, na mara moja akikimbilia dirishani na kurudi. “Baba, jamani, umekula nini wewe? Si uji uleule nilioupika mimi?” Na kaka alikuwa anapumua kwa mikwaruzo, na nilikaa kidogo kabla sijajua kwamba anacheka. Wifi alipotoka, uso ulikuwa wa majivu, ndoo ameishika mbali kabisa na mwili. Alichemsha maji sufuria mbili, akanawa mpaka kwenye mabega. Jioni hiyo kaka alikula uji akamaliza.

Wala asije mtu akadhani Mama Maji Moto amebadilika. Nyasi anazikata uani mwa nyumba ya wageni, anaziosha, anazianika kwenye kamba pamoja na mashuka. Kazi ya asubuhi bado yangu, ya jioni yake, na kila jioni anatema mate njia nzima. Alfajiri Pamba akiinamisha kichwa nyuma, wifi anageuza kiti, anaangalia ukuta.

“Ameshamaliza?” anamuuliza mumewe.

“Bado,” anajibu kaka, naye hana haraka.