Asante Niliyoizuia

Nimemshukuru Mungu kwa kila kitu, hata kwa ujane. Lakini yule karani wa shule sijamshukuru, na sitamshukuru.

Ilikuwa mwaka 2010. Mama mmoja Mrundi, muuza nyanya wa mtaa wa Hillbrow ambaye tulisali naye, alikuwa na binti wa miaka saba asiyejua darasa. Mwaka uliotangulia karani alimwambia kwamba nafasi zimejaa na karatasi yake ya ukimbizi haifai.

"Ukamjibuje?" nilimuuliza.

"Nikasema asante, Mama. Kesho yake nikampelekea maparachichi."

Nilicheka, kisha nikawaka. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa akikunyima, shukuru uondoke. Kumbe na wanawake wengine watano wa kanisani walikuwa wamefukuzwa pale pale, wakashukuru, kila mmoja akidhani ni mkosi wake peke yake. Na mtoto huyu akikosa tena, angefikisha miaka minane akichezea masanduku ya nyanya.

Marehemu mume wangu, aliyenitoa Tanzania kuja kwao huku baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, aliniachia vitabu vya sheria. Nilisoma kile cha shule polepole, kama nisomavyo Maandiko. Kisha nikawafundisha wale wanawake jikoni mwa kanisa: ombeni shule zaidi ya moja, shule ya serikali haimkatai mtoto kwa sababu ya umaskini wala ukimbizi, ikikataa, iandike sababu, na kwa barua hiyo mzazi hukata rufaa.

"Msilie, msishukuru," niliwaambia. "Semeni: niandikie."

Tukaenda shuleni, mimi na yule mama.

"Gogo, tumejaa," karani akaniambia. Gogo ni bibi kwa huku.

"Niandikie basi, mwanangu."

"Njoo kesho."

Nilikuja kesho yake, na chupa ya chai.

"Eish, Gogo, huna kwako?"

"Ninako. Ila kwako kuna viti vizuri."

Kila jioni nilimwombea afya njema kwa bidii, maana nilitaka awe kazini siku nitakayoshinda. Siku ya tatu wale watano walikuja nami, wakajipanga mbele ya dirisha lake. Niandikie. Niandikie. Mwalimu mkuu akatoka kuuliza tunangoja nini. Nilipomweleza, alizichukua mwenyewe karatasi za binti, akamwandikisha.

Januari, siku ya kwanza ya masomo, nilimkuta mama yake langoni na mfuko wa maparachichi.

"Ya nani hayo?"

"Ya karani. Mama, wewe ndiye hutufundisha kushukuru."

"Nilifundisha kushukuru zawadi. Funga mfuko."

Dirishani, karani aliuona mfuko. Akagonga muhuri kwenye fomu ya binti, akangoja. Nilimshika binti mkono, tukapita, soksi zake zikiwa zimevutwa hadi magotini.

"Hata asante hakuna, Gogo?"

Niligeuka taratibu. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo kwa saburi.

"Omba kwa maandishi, mwanangu."

Maparachichi tuliyala wenyewe njiani, kwa mkate na chumvi.